Uhuru wa Kuchagua Malazi

"Hivi Mama Gaudensi, mwanao anaipenda bahari kiasi hicho?"

Jirani yangu Mama Pelajia aliniuliza hivyo siku moja tukitoka kwenye sala za jumuiya, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayeuliza nyanya zimefikia bei gani. Nikamjibu kwamba anaipenda. Wakati ule mwanangu alikuwa ametimiza miezi kumi na minne pwani, na mtu asiyeipenda bahari hawezi kukaa huko miezi kumi na minne bila kurudi hata kuchukua mswaki wake.

Mama Pelajia akatikisa kichwa, akaenda zake, na bila shaka akaandika. Ni mtu anayejali. Jirani akikohoa, yeye huandika. Nasema bila kinyongo: mwaka haukuisha, mume wake naye akaanza kuipenda bahari. Tangu hapo hatuulizani kitu. Tunapokezana vitabu vya nyimbo tu.

Nieleze kidogo, maana huenda msomaji anatoka nchi isiyo na bahati kama yetu. Kwetu magereza yapo, lakini ni ya wezi wa kuku. Mtu mwingine yeyote akionekana amechoka, serikali humpeleka pwani akapumzike. Ipo Wizara nzima ya kazi hiyo, Wizara ya Mapumziko, na jengo lake ni refu kuliko la Afya. Dalili za uchovu zimechapishwa na kubandikwa kila ofisi ya mtaa: kuuliza swali moja mara mbili, kucheka pasipochekesha, kukaa kimya panapopigwa makofi. Anayepelekwa huitwa mgeni, na haulizwi kitu tena.

Gaudensi alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa. Kila asubuhi alitazama kopo la kupimia mvua, akaandika. Basi siku ya Sherehe ya Mlezi wa Taifa redio ilitangaza jua. Jua liliwaka redioni tangu asubuhi mpaka jioni, nasi tukalisikiliza pale uwanjani tumelowa mpaka kwenye mfupa. Gaudensi akaandika daftarini milimita arobaini na moja. Hakuwa mbishi tangu utoto wake. Ndivyo kopo lilivyosema.

Kesho yake walikuja vijana wawili wapole sana. Mmoja alivua kofia akaniamkia shikamoo. Wakamwambia mwanangu amechoka. Akasema hajachoka. Wakatazamana kwa huruma, kwa kuwa hiyo nayo ni dalili. Mke wake, Leokadia, akaingia chumbani amfungie nguo mbili tatu, na alipotoka na begi, gari lilikuwa limeshaondoka.

*

Wageni wanaruhusiwa kutembelewa na familia zao mara moja kwa mwaka, siku tatu, wakati wa masika. Miezi mingine haiwezekani, kwa sababu kule pwani kuna watalii kutoka nje, na familia zina tabia ya kulia getini. Kilio hakipendezi pichani. Kwa hiyo watalii wakishaondoka, mvua ikishaanza, Wizara hutangaza Msimu wa Familia. Tangazo huwa na picha ya baba, mama na mtoto wanaokimbia mchangani. Mvua haitajwi. Inaitwa jua lenye unyevu.

Nyumba za mapumziko ziko tatu: Mawimbi, Kasa na Lulu. Familia huletewa vipeperushi vitatu na fomu moja, ichague itakapokaa. Ikichagua nyumba aliko mgeni wake, itamwona. Ikikosea, itakula samaki, italala, itarudi. Ila Wizara haisemi mgeni wako yuko nyumba ipi. Walieleza sababu kwenye fomu yenyewe, kwa herufi nene: kumwelekeza mwananchi ni kumnyang'anya uhuru wake wa kuchagua.

Kuna jambo moja zaidi, nalo liko nyuma ya fomu kwa herufi ndogo. Mgeni asiyetembelewa misimu miwili mfululizo huhesabiwa kwamba hana mtu, naye huhamishiwa visiwani, kwenye utulivu zaidi. Kutoka visiwani hajarudi mtu bado. Wizara inasema ni kwa sababu ya uzuri wa mahali.

Msimu wa kwanza tulikosea. Ushauri ulitoka kwa Shemeji Feliksi, mdogo wa marehemu mume wangu. Shemeji alikuwa karani wa serikali miaka ishirini na sita, na mpaka leo akisikia neno "kanuni" hukaa vizuri kitini. Alisema tuandike Mawimbi, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye fomu, na serikali huweka mbele kilicho bora. Tukaenda Mawimbi. Shuka zilikuwa safi. Wageni wa pale walikuwa wakifanya mazoezi ya viungo kwenye mashamba ya chumvi, kama kipeperushi kilivyoahidi. Tulimwona mama mmoja amempata mume wake. Mikono ya yule baba ilikuwa imepasuka kwa chumvi kama udongo wa kiangazi. Mke wake akamwambia, "Umenawiri, Baba Tito," kwa sababu katikati yao alikaa mwandishi wa Wizara na daftari.

Sisi hatukumpata wetu. Leokadia alizunguka siku tatu akitazama nyuso za wanaume, mpaka akaonywa kwamba anatazama kupita kiasi.

Kwa hiyo mwaka huu zilibaki nyumba mbili na nafasi moja. Tungekosea tena, Gaudensi angekwenda visiwani.

*

Mara mbili kwa mwaka Wizara hurudisha nguo za wageni nyumbani zifuliwe. Kipeperushi kinasema mtu hawezi kupumzika huku anafua. Unaitwa dirishani, unapewa furushi, unafua, unapiga pasi, unarudisha ndani ya wiki. Huruhusiwi kuweka barua wala kushona kwa uzi wa rangi nyingine, tangu mama mmoja aliposhona zaburi ndani ya kola.

Furushi la mwezi wa kwanza lilikuwa na suruali moja na shati moja la mikono mirefu. Leokadia alilichukua lile shati akakaa nalo kitandani, amelishika mapajani. Nilimwambia alete nilitie majini, wiki inakwisha. Akasema, "Bado, Mama." Nikamwachia siku mbili. Ya tatu alilileta mwenyewe, akalitumbukiza kwenye beseni kwa mkono wake, akaondoka.

Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya altare pale parokiani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nta naijua, divai naijua, kutu ya pini naijua. Nikaliona doa kifuani, la rangi ya kahawia, limetiririka mpaka tumboni. Nikalipaka sabuni, nikaliweka juani, nikatia ndimu na chumvi. Nguo ikang'aa na doa likang'aa nalo. Hapo nikakaa chini kwenye kigoda. Nilizaliwa kijiji cha mikorosho, na mama yangu alinichapa si mara moja kwa gauni lililochafuka namna ile. Lilikuwa doa la maji ya mabibo, matunda ya mkorosho. Halitoki mpaka nguo ichakae.

Nikaenda kuchukua vipeperushi. Mbele vyote vilikuwa na picha ileile ya watu walewale wanaokimbia. Nikavigeuza, nikasoma polepole kwa kidole. Mawimbi: mazoezi ya viungo kwenye mashamba ya chumvi. Kasa: mazoezi ya viungo kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe. Lulu: mazoezi ya viungo katika shamba tulivu la korosho.

Nikamwita Leokadia, nikamwonyesha doa, nikamwonyesha karatasi. Alisoma mara moja. Kisha akaligeuza shati akatafuta kifungo cha tatu, akakikuta kimeshonwa kwa msalaba, kama alivyokishona yeye. Lilikuwa la Gaudensi kweli, halikuchanganywa na la mtu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, na sikumbuki kama alikuwa analia au anacheka, maana vyote vimekatazwa na alikuwa amejifunza kuvifanya kimoyomoyo.

Shemeji Feliksi hakukubali. Alikuja jioni, akanywa chai vikombe viwili, akatueleza kwamba serikali hufuata mpangilio. Mwaka jana ilikuwa ya kwanza, mwaka huu lazima iwe ya pili. Kasa.

"Shemeji, kweli utachagua nyumba kwa doa?" akaniuliza.

"Mwaka jana tulichagua kwa nini?"

"Kwa utaratibu."

"Basi mwaka huu tuchague kwa doa," nikasema. "Tukikosa, tutakuwa tumekosa kwa njia zote mbili."

Alinung'unika kwamba wanawake wataiangusha nchi kwa mabeseni. Lakini alikuja na kalamu yake ya wino ili fomu ijazwe kwa mwandiko unaoeleweka, na hilo namshukuru.

*

Pale Wizarani tulipokelewa na Bwana Zebedayo Mang'oto, Mratibu Mwandamizi Msaidizi wa Uhuru wa Kuchagua Malazi. Cheo kilikuwa kirefu kuliko meza, kwa hiyo kibao chake kilikunjwa kona. Alituambia tukae. Viti havikuwepo, basi tukakaa kwa heshima tukiwa tumesimama.

"Mama zangu," alisema, "nchi jirani watu huambiwa waende wapi. Wanaswagwa kama mbuzi. Sisi tulikataa. Hapa hata mimi ninayejua kila kitu siwezi kukwambia nenda Lulu au nenda Kasa. Nikikwambia, nimekudhulumu. Nikinyamaza, nimekuheshimu. Nami nawaheshimu sana."

Shemeji alipiga makofi mawili. Mimi na Leokadia tukaongeza matatu, ili yawe mengi.

Kisha Bwana Mang'oto akaanza maswali ya uhuru. La kwanza: je, kuna mtu yeyote aliyetushawishi? Nilitaka kusema nimesali novena siku tisa nikimwomba Mama Maria anifungulie macho, lakini Shemeji akanikanyaga mguu. Baadaye alinieleza kwamba kuombewa kwaweza kuhesabiwa kuwa kushawishiwa. La pili: je, tunajua mgeni wetu yuko nyumba ipi? Hapo pana mtego. Anayejua hachagui, na asiyechagua fomu yake huchanwa.

Leokadia akatazama sakafu. Mimi ndiye mkubwa, nikajibu.

"Hatujui."

Mungu anisamehe. Nilikwenda kulitubu Jumamosi, na padri, nyuma ya pazia, akaniuliza kwa sauti ndogo doa la korosho linafananaje. Ana kaka yake huko. Nikamweleza rangi yake, naye akanipa malipizi ya Salamu Maria tatu.

*

Tulisafiri kwa basi la Wizara, ambalo mapazia yake yameshonwa chini na juu ili mandhari yasituchoshe. Tulikuwa familia kumi na moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amechagua kwa kigezo gani. Mzee mmoja alikuwa na mfuko wa karanga, akaugawa basi zima, kama mtu anayegawa mkate wa msibani.

Tuliposhuka Lulu, kitu cha kwanza nilichoona ni mikorosho. Ilisimama nyuma ya jiko, safu kwa safu, inadondosha maji. Leokadia alinibana vidole mpaka pete ya ndoa ikaniuma. Hata Shemeji alivua kofia, akaisalimia ile miti.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, una mabango yenye maneno ya furaha. Wageni walipangwa ukutani kwa mistari, wamevaa mashati meupe ya kuazima yenye mikunjo ya kabatini bado. Sisi tukapangwa upande wa pili. Katikati palikuwa na kaunta, na nyuma yake mama mnene wa umri wangu, nadhifu, anaitwa Bi Skolastika, Msimamizi wa Furaha. Alikuwa na daftari kubwa. Aliita jina la familia, halafu jina la mgeni, na mgeni akavuka sakafu kwa hatua za kawaida. Kukimbia kulikatazwa baada ya watu kuanguka.

Mzee wa karanga alimpata binti yake. Wakapeana mikono kama watu wa ofisini, wakaishikilia mikono ile, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuiachia.

Nilitazama ule mstari wa ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Nyuso zote zilikuwa zimekonda kwa namna moja, kwa hiyo nikawa natafuta masikio. Gaudensi ana masikio ya baba yake. Wakaitwa, wakaitwa, ukuta ukawa mtupu, na sisi watatu tumebaki tumesimama.

Leokadia akafika kaunta kabla yangu. Akataja jina lote, Gaudensi Kamilius, wa hali ya hewa.

Bi Skolastika akafungua daftari, akapitisha kidole, na uso wake ukachangamka. Alisema alikuwepo. Tena alikuwa mgeni mzuri, mtulivu, aliokota korosho kwa bidii kuliko wote, kitanda chake kilikuwa kile cha pili kutoka mlangoni. Ameondoka Jumatano.

"Ameondoka kwenda wapi?" nikauliza.

"Mawimbi, Mama."

Kisha akatueleza, na alieleza vizuri, kwa upole, kama anavyoelezwa mtu habari njema. Mwaka huu Mheshimiwa Waziri amepanua uhuru. Watu walilalamika kwamba familia inachagua na mgeni hachagui, na huo ulikuwa ubaguzi. Kwa hiyo mgeni naye sasa hupewa fomu, achague nyumba atakayoingojea familia yake. Gaudensi alipewa yake. Na kulikuwa na mgeni mmoja aliyehamia Lulu kutoka Mawimbi, Baba fulani, Baba Tito, ambaye alimwambia kwamba mwaka jana mama yake na mke wake walikuwa kule wakimtafuta.

"Basi akaandika Mawimbi," alisema Bi Skolastika. "Hakufikiri hata dakika moja. Nilimsimamia mwenyewe. Alisema, 'Watarudi palepale, mama yangu habadilishi mambo.' Alifurahi sana. Alituombea hata sisi wafanyakazi."

Mvua ilikuwa ikipiga bati, lakini nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeshika rozari ndani ya mfuko wa kitenge, na niligundua kwamba sijui niko punje ipi.

Leokadia akasema, "Sisi tumekuja kumtembelea."

"Mmekuja, mwanangu. Ila yeye hayupo."

"Na yeye amekwenda kutungoja."

"Amekwenda. Ila ninyi hampo." Bi Skolastika akageuza daftari ili tusome wenyewe. "Kila mmoja amechagua kwa hiari yake, saini hizi hapa, ya mama na ya kijana. Kwa kanuni, hakuna aliyetembelewa. Huu ni msimu wa pili."

Nikamuuliza chombo cha kwenda visiwani kinaondoka lini. Akasema Jumatatu, msimu ukifungwa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nikamsihi. Nilimwita dada, nilimwita mama mwenzangu, nikamuuliza kama naye ana mtoto. Alisema anao wanne, wawili ni wageni pale Kasa, na mwaka jana alichagua Mawimbi. Alisema hivyo bila kubadilisha uso, akinyoosha ukurasa kwa kiganja. Halafu akatusogezea karatasi ya kuridhika, ambayo kila familia hujaza kabla ya chakula: malazi mazuri, mazuri sana, mazuri kupita maelezo.

Shemeji Feliksi alikohoa. Nilijua anataka kueleza. Miaka yote kila serikali ilipotutenda jambo, yeye alikuwa na maelezo yake, ya kifungu hiki na waraka ule, nami nilikuwa namvumilia kwa sababu maelezo yake yalitusaidia kula na kulala. Akafungua mdomo. Akasema, "Kwa mujibu wa..." Akatafuta. Akasema tena, "Kwa mujibu wa..." Kisha akachukua ile karatasi ya kuridhika, akaanza kuisoma kwa makini sana, mwanzo wake na mwisho wake, kama yuko peke yake ukumbini.

Leokadia hakuwa anatusikiliza. Alikuwa akitazama nje kupitia mlango mkubwa, kule ufukweni.

"Mawimbi ni upande gani?" akauliza.

"Kushoto," alisema Bi Skolastika. "Lakini hakuna barabara."

"Ufukwe upo?"

"Ufukwe upo, kilomita nne. Ila si wa kupita, mwanangu. Kuna walinzi wawili kwenye mikoko, na wana maagizo. Wewe ulichagua hapa."

Leokadia akaniangalia. Ningemshika mkono, angebaki. Hilo nalijua mpaka leo, na alilijua yeye pia, ndiyo maana alingoja. Mikono yangu nikaiacha ndani ya kitenge.

Akainama, akavua viatu, vile vyeupe alivyonunua kwa ajili ya safari hii. Akavipanga juu ya daftari lililofunguliwa, kimoja kando ya kingine, akajifunga khanga kiunoni, akatoka.